Mgeni wa Saa Tisa Usiku

Wajukuu wangu, ile sauti mnaijua. Mtu anapita sokoni Machakos, kipaza sauti begani, kinarudia maneno yale yale tangu asubuhi: dawa ya panya, dawa ya mende, dawa ya viroboto, dawa ya kunguni. Siku nyingine msiisikilize sauti, watazameni wanunuzi. Anayetaka dawa ya panya husimama wazi, huuliza bei, hulalamika kwamba ni ghali. Anayetaka ya kunguni hungoja watu wapungue, kisha huinama na kunong'ona. Panya hutoboa magunia na kula mahindi ya mwaka mzima, na hakuna anayemwonea haya. Kunguni ndiye anayeonewa haya. Nataka kuwasimulia habari zake leo kwa sababu nimewaona watoto wakilia kwa ajili yake, wala hawakulilia kuumwa. Walilia kwa kuchekwa.

Tuanzie anapoanzia yeye, usiku. Chumba ni chochote: nyumba ya matofali huko Masii, ploti ya kupanga Mlolongo, au nyumba nzuri ya vioo chini ya vilima vya Iveti. Ndugu wawili wamelala kitanda kimoja. Ni saa tisa, mbwa wamenyamaza. Pale ubavu wa kitanda unapoungana na mguu, seremala aliacha mwanya mwembamba kuliko unene wa sarafu, na ndani ya mwanya huo yuko kunguni jike. Ukubwa wake ni kama wa punje ya ndengu, ila yeye ni bapa, na rangi yake ni ya hudhurungi. Ana miguu sita. Mabawa hana, na kuruka kama kiroboto hawezi. Yeye hutembea tu, tena kwa kasi kuliko mnavyodhani. Ana wiki nzima hajala. Hana wasiwasi, maana akikosa kabisa anaweza kukaa miezi kadhaa na tumbo tupu asife.

Kinachomtoa mafichoni ni pumzi za watoto wale. Kila tunapotoa pumzi tunatoa hewa ya kaboni dayoksaidi, na kunguni huihisi. Anaifuata. Akisogea karibu, joto la mwili linamwelekeza kwa hatua chache zilizobaki. Anapanda shuka, anaufikia mkono uliotoka nje ya blanketi, anasimama.

Mdomo wake ni mrija ambao wakati wote huwa ameukunja chini ya kichwa. Sasa anaukunjua na kuuchomeka. Ndani ya mrija mna njia mbili: moja inapitisha mate, nyingine inavuta damu. Mate yake yana kemikali za kuzuia damu isigande, na nyingine za kuifanya ngozi isisikie maumivu, ndiyo maana mtoto haamki. Kunguni anatulia hapo kati ya dakika tano na kumi. Ule mwili bapa unavimba, unarefuka, unageuka mwekundu. Kisha anachomoa mrija na kurudi alikotoka. Hakai mwilini kama chawa. Watu wengi humtafuta kichwani na kwenye nguo walizovaa, naye yuko ndani ya mbao, ameshiba, anasaga chakula chake.

Kule mwanyani anaacha kinyesi cha damu aliyoisaga, vidoa vyeusi vidogo ambavyo ukivipangusa kwa kitambaa chenye maji huacha alama ya hudhurungi. Kinyesi hicho kina harufu inayowaita kunguni wengine, kana kwamba kinawaambia kuwa hapa ni salama. Kwa hiyo ukimkuta mmoja kwenye kona ya godoro, ipekue kona yote. Wapo wenzake, yapo maganda makavu waliyoyavua, na yapo mayai meupe yenye urefu wa milimita moja, yamegandishwa kwenye mbao kwa gundi inayotoka mwilini mwake. Ukikung'uta godoro hayadondoki.

Kunakucha. Kaka mkubwa anaamka na mapele matatu yaliyopangana mkononi, yanawasha. Mdogo hana hata moja. Mama anamtazama mkubwa, anamtazama mdogo, anasema ni mbu. Nani angemlaumu? Wote wawili wameumwa, lakini ngozi ya mkubwa imeyatambua mate ya kunguni na kuyapinga, ya mdogo bado. Wapo watu ambao mapele huwatokea siku kadhaa baadaye, na wapo ambao hayawatokei kamwe. Ndiyo sababu mtu anaweza kulala na kunguni miezi mitatu na kuapa kwamba nyumbani kwake hawapo.

Siku hizo zikipita, yule jike hakai bure. Hutaga yai moja hadi matano kwa siku, na akipata umri wake wote hutaga 200 na zaidi. Yai huanguliwa katika siku kumi hivi. Kitoto kinachotoka ni kidogo, cheupe kinachopitisha mwanga, hukioni kwenye shuka mpaka kishibe damu na kuwa tone jekundu linalotembea. Lazima kijivue ngozi mara tano ndipo kiwe kunguni kamili, na kwa kila ngozi lazima kinywe damu kwanza. Kwenye joto la Yatta au Masinga safari hiyo huchukua wiki tano au sita. Baridi ya Julai ya Machakos mjini huwachelewesha, lakini haiwamalizi. Hawa anaowawinda mama yenu leo ni watoto na wajukuu wa yule aliyeingia miezi iliyopita.

Mjukuu wangu mmoja wa gredi ya tano aliniuliza: "Susu, kwani walitoka wapi?" Nikamwambia swali lake lina majibu mawili, moja la jana na moja la zamani sana.

La zamani kwanza, maana ndilo linalonistaajabisha. Kwa muda mrefu wataalamu waliamini kuwa ukoo wa kunguni ulianza kwa kunywa damu ya popo. Kisha mwaka wa 2019 watafiti waliokuwa wamekusanya kunguni wa aina nyingi duniani na kusoma vinasaba vyao walichapisha matokeo: ukoo huo umekuwepo kwa zaidi ya miaka milioni 100. Walikuwepo kabla ya popo. Walikuwepo dinosaria wakitembea. Baadaye sana wakawapata popo, na popo wakaishi mapangoni, na watu nao wakaingia mapangoni kujikinga na mvua na simba. Mtu alipotoka pangoni na kujijengea kibanda, kunguni wengine walitoka naye. Huko Misri, katika kijiji cha mafundi cha Amarna, wachimbaji wa mambo ya kale wamefukua mabaki ya kunguni yenye umri wa zaidi ya miaka 3,000. Mafundi waliochonga makaburi ya wakubwa walikuwa wanajikuna usiku kama sisi.

Jibu la jana ni fupi. Kunguni huingia nyumbani kwa kubebwa. Alikuja ndani ya kochi lililonunuliwa kwa mtu anayehama. Alikuja kwenye mshono wa begi lililokaa usiku mmoja gesti. Alikuja na godoro la mtumba, na sanduku la mwanafunzi aliyefunga shule, na mara nyingine alijipitia mwenyewe ukutani kutoka chumba cha jirani, kwenye ufa unaopitisha waya wa stima. Hakuna aliyemkaribisha.

Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri. Watu husema kunguni ni wa wachafu. Si kweli hata kidogo. Kunguni hali makombo ya ugali, hali takataka, hali jasho. Anakula damu tu, na damu ya mtu aliyeoga haina tofauti na ya ambaye hajaoga. Mwaka wa 2023 mji wa Paris, wenye hoteli za kifahari kuliko zote mnazozijua, ulikuwa unalia kunguni kwenye magazeti na runinga za dunia nzima, watu wakiwatafuta kwenye viti vya sinema na vya treni. Vitu vilivyorundikana chumbani humwongezea mahali pa kujificha, hilo ni kweli. Na mwenye pesa huita watu wa kupuliza dawa siku ya pili, huku asiye nazo akipambana nao mwaka mzima. Hilo nalo ni kweli. Lakini ukiona mwenzako ana mapele mkononi, umeona mahali kunguni alipokula. Usafi wa nyumba yao hujauona. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, nao hawakusema kama kitanda hicho ni cha tajiri au cha maskini.

Je, anaambukiza magonjwa? Mbu wa malaria anatuletea malaria. Kunguni wamechunguzwa miaka mingi na haijathibitishwa kuwa wanampa mtu ugonjwa kwa kumuuma. Madhara yake ni mengine. Ukikuna sana ngozi huchanika na kidonda kikapata usaha. Na usingizi huo uliokatika ni hasara kubwa. Mtoto anayesinzia kwenye hesabu saa nne asubuhi pengine si mvivu, pengine hakulala.

Sasa tuje kwenye vita, kwa maana binadamu amepigana na kunguni kwa silaha nyingi. Mwaka wa 1939 mwanakemia wa Uswisi, Paul Müller, aligundua kwamba kemikali ya DDT inaua wadudu. Mwaka wa 1948 akapewa Tuzo ya Nobel. Nchi tajiri zikapuliza vyumba vya kulala, kunguni wakaanguka kwa maelfu, watu wakadhani hadithi imekwisha. Lakini mwishoni mwa miaka hiyo hiyo ya 1940, katika kambi ya jeshi huko Hawaii, wakaonekana kunguni ambao DDT haiwaui tena.

Ilikuwaje? Chukulieni chumba chenye kunguni 1,000. Wawili kati yao wamezaliwa na tofauti kidogo mwilini, sumu haiishiki vizuri mishipa yao ya fahamu. Dawa inapulizwa. Wanakufa 998. Wale wawili wanabaki na chumba kizima peke yao, wanazaana, na watoto wao wanarithi tofauti ile ile. Ukipuliza dawa ile ile mara ya pili unawapulizia kunguni wasioijali.

Kuna sura ya kwetu katika hadithi hiyo. Huko Molo, Nyandarua na Kisii wakulima walilima pareto, maua meupe yenye kitovu cha manjano ambayo yakikaushwa na kusagwa huua wadudu. Kwa miaka mingi Kenya iliongoza dunia kwa pareto. Wanakemia wakaiga sumu ya ua hilo viwandani, na dawa walizotengeneza ndizo zilizotiwa kwenye vyandarua vya kuzuia mbu. Upande wa Tanga, kaskazini mashariki mwa Tanzania, watu walivipenda vyandarua hivyo kwa sababu mbili: mbu walipungua na kunguni wakatoweka vitandani. Baada ya miaka kadhaa kunguni walirudi, wakatembea juu ya chandarua chenye dawa bila kudhurika. Watafiti waliwapima na mwaka wa 2002 wakachapisha kwamba kunguni wa vijiji hivyo wameshakuwa sugu. Chandarua bado kinamzuia mbu, kwa hiyo msikivue. Ila msitegemee kwamba kitamuua kunguni.

Mtu akiona dawa imeshindwa hufanya nini? Huongeza nguvu, na hapo ndipo ninapoogopa. Nimeona watu wakimwaga mafuta ya taa kwenye mbao za kitanda, halafu jioni ile ile wanawasha mshumaa au koroboi chumbani. Wengine huchukua dawa ya kunyunyizia nyanya shambani na kuipuliza kwenye godoro ambalo mtoto atalalia. Dawa ya shamba imepimwa kwa shamba, kwenye upepo, na mkulima huambiwa angoje siku kadhaa kabla ya kuchuma. Mtoto analala juu yake saa nane mfululizo akiivuta puani. Nyinyi msiishike dawa yoyote ya wadudu. Na mkimwona mtu mzima akinunua chupa isiyo na lebo, mwambieni kwa heshima kwamba dawa halali ya Kenya huwa na namba ya usajili kwenye lebo, na maelezo ya mahali inapotumika.

Kipo kitu ambacho kunguni hajakizoea kwa miaka yote hiyo: joto kali. Akikaa kwenye nyuzi 50 za selsiasi kwa saa moja na zaidi anakufa, na yai lake linakufa naye. Maji yanayochemka humuua papo hapo. Kwa hiyo mama anapoyamwaga kwenye miungano ya kitanda cha mbao kilichotolewa nje, na kuzifua shuka kwa maji moto, na kupitisha pasi ya makaa polepole kwenye mishono ya pazia, anatumia silaha ambayo haijachakaa. Jua peke yake hudanganya. Ukianika godoro, upande wa juu unapata moto, kunguni wanahamia upande wa chini wenye kivuli na jioni mnawarudisha ndani. Lazima ligeuzwe, na mishono ipekuliwe kwa macho na brashi, mtu akiwa na beseni la maji ya sabuni kando la kuwatosa. Kisha nyufa za ukuta zizibwe, kitanda kisogezwe mbali na ukuta, blanketi lisiburuze sakafuni.

Lipo pia vumbi jeupe linalochimbwa Kariandusi karibu na Gilgil, mabaki ya viumbe vidogo mno vilivyoishi ziwani zamani. Kwa macho ni unga laini. Kwa kunguni ni vipande vikali vinavyokwangua nta iliyofunika mwili wake, maji yanamtoka, anakauka. Si rahisi awe sugu kwa vumbi hilo, kwa kuwa haliendi kwenye mishipa ya fahamu kama sumu zile. Lakini vumbi hilo ni baya kwa mapafu, ni kazi ya mtu mzima anayejua kiasi na mahali pa kuliweka.

Na sasa jambo ninalolipenda kuliko yote. Msimu wa mvua, ingieni shambani mchume jani la maharagwe, libandikeni kwenye fulana. Litang'ang'ania. Lipitisheni kidole taratibu, mtahisi linakwaruza. Huko Ulaya ya kusini mashariki, katika nchi za Balkan kama Bulgaria na Serbia, akina mama wa zamani walitandaza majani hayo sakafuni kuzunguka kitanda jioni. Usiku kunguni walipokuwa wakiyavuka walinaswa. Asubuhi majani yalizolewa na kuchomwa moto, kunguni wakiwa juu yake. Mwaka wa 2013 wanasayansi wa Marekani walichapisha walichokiona kwa hadubini: jani lina vinywele vilivyopinda kama ndoana, vidogo hata jicho halivioni, na kunguni akikanyaga, ndoana hizo hutoboa sehemu laini za mguu wake. Kadiri anavyojitikisa ndivyo anavyonaswa zaidi. Wanasayansi wakajaribu kutengeneza jani la bandia kwa kunakili umbo la jani lenyewe. Umbo walilipata, vinywele walivipata, lakini kunguni walikwama kidogo kisha wakajinasua na kwenda zao. Jani la maharagwe, lile lile linalolimwa kutoka Kathiani mpaka Mwala, lilikuwa limewashinda. Halitamaliza kunguni wa nyumba nzima, maana wengi hawateremki sakafuni. Hata hivyo ningependa mmoja wenu akue, asome, akamilishe kazi waliyoiacha nusu.

Limebaki la shule. Kaunti yetu ina shule nyingi za bweni, na kila muhula masanduku hukutana kutoka kila pembe ya nchi, vitanda vya deka vimepangwa bega kwa bega. Ukifika bwenini, kabla hujatandika, inua godoro. Tazama mishono, kona, na matundu ya vyuma vya kitanda. Tafuta vidoa vyeusi. Ukiviona, mwambie matroni siku hiyo hiyo na uwaambie wenzako, maana kitanda kimoja kikitibiwa na vingine 20 vikaachwa, kunguni watarudi kabla ya nusu muhula. Kumficha ni kumpa wiki nyingine sita za kulea.

Shule zikifungwa, sanduku lisipitilize mpaka chumbani. Liache nje, juani, lifunguliwe. Nguo zote ziende moja kwa moja kwenye maji moto, hata zile ambazo hukuzivaa. Viatu vipigwe, madaftari yafunuliwe ukurasa kwa ukurasa, maana kunguni hupenda uti wa kitabu. Mfuniko wa sanduku una mkunjo wa bati pembeni. Mimina maji yanayochemka hapo, mtu mzima akiwa amekushikia birika. Halafu siku ya kumi na nne lirudieni sanduku, na kitanda, na godoro, mchana kweupe, mlango ukiwa wazi, kwa ajili ya mayai ambayo huenda hayakufikiwa na maji.